Kuupiga picha mtaa kabla haujabomolewa: jibu kwa msomaji wa Unga Limited

Msomaji wetu, binti anayeendesha studio ndogo ya picha za pasipoti katika kata ya Unga Limited, Arusha, ameandika hivi: "Nyumba za kando ya barabara kwetu zimeanza kuwekewa X, alama ya kubomolewa, na mitaa ya ndani nyumba za zamani zinauzwa ili yajengwe maghorofa. Nina kamera ya kawaida yenye lenzi ya 18–55. Nataka kuupiga picha mtaa wetu kabla haujaisha, lakini mzee mmoja amenikatalia mbele za watu, akasema nataka kuwauza. Je, ninahitaji kibali? Je, nipige kwa rangi au kwa nyeusi na nyeupe? Na nianzie wapi?"

Mwanangu, nitaanza na huyo mzee, kwa sababu neno lake lina uzito kuliko maswali yako yote matatu. Arusha ni mji uliozoea kamera. Kila siku zinapita hapa zikielekea Serengeti na Ngorongoro, na zile chache zinazosimama mitaa ya kwenu aghalabu zinatafuta mfereji ulioziba, tope la masika au mtoto asiye na viatu. Mzee amekwisha kuona picha za namna hiyo, naye anajua kwamba aliyezipiga hakurudi tena.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mpiga picha wa aina hiyo. Miaka mingi iliyopita niliomba kupiga picha jiko la uani la mama mmoja, naye akakubali kwa moyo mweupe. Picha ile niliipeleka katika taasisi moja iliyokuwa imeniajiri kwa muda, na baada ya miezi kadhaa ikatokea kwenye kipeperushi, chini yake pameandikwa "makazi holela". Kipeperushi kilimfikia yule mama. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama niliona kwamba sufuria zake zote tano zilikuwa zinang'aa, kwa maana alikuwa ameamka alfajiri akazisugua kwa majivu kwa sababu nilimwambia nakuja. Sikuwa nimeona. Katika picha zilikuwemo, zimepangwa kwa ukubwa juu ya kichanja, lakini mimi nilikuwa nimeushughulikia moshi ukutani.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja, nalo ndilo nitakalokuambia kwa njia mbalimbali mpaka mwisho wa jibu hili: mtu wa kwanza kuitazama picha awe yule aliyemo ndani yake, au mwenye nyumba iliyomo. Ukiamua hivyo tangu mwanzo, mambo mengi unayouliza yatajijibu yenyewe, yakiwemo hata yale ya lenzi na rangi.

Kuhusu kibali, nenda kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, uonane na mwenyekiti na mtendaji, ueleze kazi yako kwa maandishi katika ukurasa mmoja, na uombe barua ya utambulisho yenye muhuri. Barua hiyo haikupi haki ya kuingia nyumba ya mtu. Inakusaidia tu usishukiwe kwamba umetumwa na mnunuzi wa viwanja, na katika mtaa ambao watu wanapita na ramani na futi kamba, shaka hiyo ni ya haki kabisa. Kwa mtu mmoja mmoja unahitaji ridhaa yake mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu, nayo picha ya uso wake ni mojawapo ya taarifa hizo. Kwa hiyo mweleze utaipeleka wapi kabla hujabonyeza, na kwa mtoto mwombe mzazi. Usielekeze kamera kwenye vituo vya polisi wala maeneo ya jeshi, na droni usiirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa kazi yako, hata hivyo, droni haina msaada mkubwa, kwa sababu ukiwa juu unachokiona ni mabati matupu.

Nije kwenye rangi, ambako nina msimamo mkali. Piga kwa rangi. Najua nyeusi na nyeupe inapendwa, na huupa ukuta uliochakaa heshima fulani ya kale. Lakini itazame ile X yenyewe. Katika barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na ndipo ukaja ule msemo unaousikia kila mahali, kwamba kuna walioifuata barabara na kuna waliofuatwa na barabara. Kwa kawaida X nyekundu huwekwa kwa yule anayehesabiwa kuwa aliingia ndani ya hifadhi, ambaye anatakiwa kubomoa bila fidia, na X ya kijani huwekwa kwa yule aliyefuatwa, anayestahili kulipwa. Sasa igeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe: nyekundu na kijani zenye uzito unaokaribiana hutoka kijivu kilekile, na majirani wawili ambao hatima zao zimetofautiana kabisa wataonekana kama watu waliopatwa na jambo moja. Picha haitakuwa imesema uongo, ila itakuwa imefuta kitu ambacho familia zile mbili hazitakisahau maisha yao yote. Kwa sababu hiyohiyo usitie chumvi rangi unapohariri, wala usiache kamera ijichagulie uwiano wa rangi kutoka picha moja hadi nyingine. Uweke kwenye jua au kivuli kulingana na mahali ulipo, na uhifadhi faili ghafi (RAW), ile ambayo kamera haijaihariri.

Ila X isiwe ndiyo mwanzo wako. Hili nilichelewa kulijua. Nyumba ikishawekewa X, au mthamini, yule anayekadiria thamani ya mali kwa ajili ya fidia, akishapita, mwenye nyumba huacha kuitengeneza, maana hakuna anayenunua bati jipya kwa ajili ya nyumba ya kuvunjwa. Chokaa haipakwi tena, mlango ulioachia bawaba unaegeshwa kwa tofali, mti wa uani unakatwa ukauzwa kuni. Malipo yakikawia, hali hiyo inaweza kuendelea kwa miezi mingi. Ukipiga picha wakati huo, unapiga nyumba iliyokwisha kukatiwa tamaa, na mtazamaji wa baadaye atadhani kwamba watu wa Unga Limited waliishi hivyo siku zote, akaona kubomolewa kwake kulistahili. Kwa hiyo anza na nyumba ambazo hazijaguswa, hasa za mitaa ya ndani ambako wanunuzi wameanza kuulizia. Hizo bado zinafagiliwa kila asubuhi.

Si sisi wa kwanza kukutana na tatizo hili. Mjini Glasgow, Thomas Annan alipiga picha vichochoro vya mji mkongwe kati ya mwaka 1868 na 1871, na waliomtuma ni wadhamini wa mji waliokuwa wamepewa mamlaka kisheria, mwaka 1866, ya kuvibomoa. Paris nayo ilikuwa na Charles Marville, aliyefanya kazi ya namna hiyo kwa ajili ya mamlaka za jiji wakati Haussmann, mtawala aliyesimamia ujenzi mpya wa jiji hilo, alipokuwa akipasua barabara mpya pana. Picha zao ni za thamani kubwa mpaka leo, lakini zitazame uone kinachokosekana. Vioo vilivyotumika wakati ule mahali pa filamu vilihitaji mwanga wa sekunde nyingi, na aliyetembea alipotea au akabaki kama wingu mbele ya ukuta. Mawe yalisimama kimya, hivyo mawe ndiyo yaliyobaki. Wewe una kamera inayoweza kumshika mtu katika sehemu ya mia ya sekunde, na huna bosi anayetaka kuthibitisha kwamba mtaa ni mchafu. Basi usipige kuta tupu kana kwamba bado tuko mwaka 1868. Mpige fundi cherehani mahali pake hasa, na mwanga ule wa mlango unaomfanya akae upande ule na si mwingine. Mpige mama lishe na mpangilio wa chungu, jiko na benchi, kwa sababu mpangilio huo ukihamishwa hauwi uleule.

Sasa tuingie ndani, maana huko ndiko kazi yako itakuwa bora au dhaifu. Nyumba nyingi za zamani mtaani kwenu ni zile tunazoziita nyumba za Kiswahili: mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kama vitatu kila upande, kisha ua wenye jiko, bafu na choo. Mthamini akija humtafuta mwenye mali. Humsimamisha mbele ya nyumba yake na kumpiga picha akiwa ameshika namba, na picha hiyo huingia kwenye jalada. Mpangaji wa chumba cha tatu mkono wa kushoto, aliyekaa humo miaka 15, akazaa humo na kusomesha humo, hana picha katika jalada lolote. Ukitaka kujua kazi yako inatofautiana wapi na ya mthamini, ni hapo. Piga kila chumba kilichokubali, kimoja baada ya kingine, na uandike nani anakaa wapi, hata kama nyumba moja itakuchukua wiki mbili.

Ukumbi huo ni mtihani mgumu wa mwanga. Mchana huwa giza katikati, huku ua ukiwaka kwa jua mwisho wake, na kamera ikiachwa ijipimie itaufuata ule ua na kuufanya ukumbi kuwa shimo jeusi. Usitumie flashi, inafuta kabisa namna nyumba ile inavyopokea mwanga, na watu hukunja nyuso. Simama ndani ya chumba au kwenye kizingiti, ua uwe ubavuni mwako na si mbele yako, pima mwanga usoni mwa mtu, kisha kubali kwamba sehemu ya nyuma itaungua kidogo. Kwa lenzi uliyonayo anza na ISO 1600 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), uwazi mpana kadiri lenzi inavyoruhusu, na kasi ya shata isishuke chini ya 1/60 kama kuna mtu. Chembechembe za picha hazijamdhuru mtu yeyote, lakini uso uliotikisika haurudi. Kama ni chumba kitupu, weka kamera kwenye tripodi na upige kwa sekunde nzima ukitaka. Kumbuka pia kwamba kamera huufanya ukuta wenye masizi uwe kijivu na ukuta wenye chokaa nyeupe nao uwe kijivu, kwa hiyo jikoni punguza mwanga hatua moja, na kwenye chokaa ongeza hatua moja.

Kuhusu umbali, iweke lenzi yako karibu na milimita 24, ambayo kwa kamera nyingi za kawaida inalingana na ile 35 ya kamera za filamu, kisha isahau hapo. Itakulazimu kusimama kama hatua tatu kutoka kwa mtu, umbali ambao watu husalimiana. Lenzi ndefu inayomvuta mtu kutoka ng'ambo ya barabara ndiyo iliyowafundisha wazee wetu kuogopa kamera.

Nje, mwanga wa Arusha una tabia zake. Tuko zaidi kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, hivyo saa sita mchana jua liko karibu utosini, na katika wiki za katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita juu kabisa ya vichwa vyetu. Vivuli vya macho huwa vyeusi na mabati hung'aa mpaka yanaumiza. Wengi hushauri kuacha kazi saa hizo. Mimi nakushauri uhamie barazani, kwa sababu saa hizohizo ndipo watu wako barazani, na mwanga unaoruka kutoka kwenye ardhi ya mbele ya nyumba huwafikia nyusoni kutoka chini kwa upole wa ajabu. Miezi ya Juni hadi Agosti, mawingu yanapokaa juu ya mji asubuhi nzima, ndiyo miezi ya kupiga kuta za nje na vichochoro, kwa kuwa hakuna kivuli kikali cha kukata nyumba vipande viwili.

Jambo lingine linalotaka uvumilivu ni kurudia picha kutoka mahali palepale. Chagua sehemu kumi tu, si hamsini, utakazozipiga kila baada ya miezi mitatu kwa miaka. Watu huweka alama kwenye nguzo ya umeme, kisha barabara inapanuliwa na nguzo inahamishwa, wanabaki hawajui walisimama wapi. Tumia vitu viwili, cha karibu na cha mbali, vilivyopangana. Mlima Meru unauona upande wa kaskazini, zaidi ya mita 4,500 kwenda juu, nao hauhamishwi. Simama mahali ambapo kona ya jengo fulani lisilotarajiwa kuvunjwa, tuseme msikiti au kanisa, inakutana na kilele au na bonde fulani la mlima. Ukisogea hata hatua mbili kushoto, kona na kilele vitaachana, na hivyo utajua umekosea. Andika urefu wa kamera kutoka ardhini, milimita za lenzi, tarehe na saa. Nenda mapema, kwa sababu mawingu huufunika mlima mara nyingi kabla ya saa nne asubuhi, na ujue kwamba mwezi Juni jua linapita upande wa kaskazini, hivyo mchana utakuwa unalipiga uso kwa uso, wakati Desemba linakuwa mgongoni kwako.

Siku ya katapila yenyewe sina mengi ya kuihusu. Kila mwenye simu atakuwepo, picha zitakuwa mamia, na zote zitafanana. Kama ni nyumba ya watu unaowafahamu, weka kamera begani usaidie kutoa kabati, kisha piga kilichobaki jioni watu wakishatawanyika. Katika nyumba moja nilikuta fremu ya mlango imesimama peke yake kwenye kifusi, na pembeni mwake mistari ya penseli iliyopima urefu wa watoto, majina matatu, wa mwisho umefika karibu na komeo. Baba yao aliing'oa fremu ile akaifunga kwenye mkokoteni pamoja na magodoro. Kisha uwafuate watu walikohamia, Muriet, Olasiti au kwingineko, kwa maana mtaa haukuishia pale ulipobomolewa, na picha ya kabati lilelile ukutani pengine inaeleza zaidi kuliko kifusi.

Daftari lisikutoke mkononi. Kila picha iwe na jina la mtaa, namba ya nyumba, upande wa barabara, tarehe, na majina kama wenyewe wanavyotaka yaandikwe. Vile vibao vya namba vilivyowekwa katika Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 vitakusaidia sana. Piga kibao kwanza, kisha nyumba, na mfuatano wa faili utajieleza. Ila kibao, namba ya mita ya LUKU na uso wa mtu visiende pamoja mahali pa wazi. Hayo yabaki kwenye hifadhi yako. Weka nakala tatu, mojawapo ikae nje ya mtaa, kwa ndugu au rafiki. Na wakazi wakikuomba picha zao kwa ajili ya madai ya fidia, wape bila malipo, pamoja na tarehe, lakini usiwaahidi kwamba picha itachukua nafasi ya fomu ya mthamini. Waambie waisome fomu hiyo mstari kwa mstari kabla ya kusaini, na walinganishe na picha kama choo, kisima na miti vimehesabiwa.

Picha zenyewe zisikae kwenye kompyuta. Una studio, kwa hiyo una faida ambayo mgeni hana: watu wa mtaa wamekwisha kukaa mbele ya kamera yako kwenye kile kiti cha pasipoti, na hawajakuogopa. Safisha nakala ndogo kwa karatasi ukazipeleke nyumba kwa nyumba ndani ya mwezi uleule uliozipiga. Nyingine zitundike ukutani kwako kwa kufuata mpangilio wa mitaa, si uzuri wa picha, na uache penseli hapo. Mjini Cape Town, wakazi waliohamishwa kwa nguvu kutoka District Six, mtaa uliobomolewa wakati wa ubaguzi wa rangi, zaidi ya watu 60,000, wanayo makumbusho yenye ramani ya mtaa wao iliyotandazwa sakafuni, na waliokuwa wakiishi pale huandika majina yao juu ya nyumba zao. Ukuta wako unaweza kufanya kazi hiyohiyo. Utaona mtu amekuja kupiga pasipoti, akasimama mbele ya picha, akaandika kwamba hapa palikuwa na kinyozi, na kabla yake muuza mkaa.

Sasa yule mzee. Mwendee bila kamera, jioni, baada ya kuwa umekwisha kumpelekea jirani yake picha yake. Mwamkie, kaa, na usiitaje kazi yako mpaka aiulize yeye. Akikubali, muulize ni kitu gani katika nyumba yake angependa kionekane, uanze na hicho, hata kama machoni mwako ni kiti cha plastiki. Akikataa, andika namba ya nyumba katika daftari, mbele yake uandike "hakupenda", na unapopiga safu ile ya nyumba simama mahali ambapo yake haitaingia.